Daftari la Ngamiani

Karani aliniuliza mtaa, namba ya nyumba, mwaka.
Nikasema: Barabara ya Kumi na Tano,
mwaka siukumbuki, ule mkonge uliposhuka bei.
Akanitazama juu ya miwani.
"Hapa hatuandiki bei, dada. Tunaandika watu."

Akalishusha daftari, akalipiga kofi, vumbi likaruka.
Kidole kikateremka: Shedafa, Shehoza, Shekiondo.
Wawili wamekatwa kwa wino mwekundu,
mmoja kaliwa na mchwa jina la pili.

Kisha baba.
Mbelwa Shekiondo, mkata mkonge,
umri: kadiri ya arobaini. Sahihi: dole gumba,
na lile kovu la kisu limepita katikati
kama reli.
Nikaweka dole langu juu yake. Karani akakohoa.

Mke: mmoja.
Watoto: wanne.

Nyumbani tulikuwa watatu. Nikahesabu tena:
Mhina, mimi, marehemu Kibibi.

"Nakala ni elfu tatu," akasema. "Risiti uje kesho."

Nimetoka. Jua la saa saba Ngamiani.
Muuza kahawa, kinyozi, mama mwenye beseni la maandazi:
nawasoma mapaji ya nyuso,
mmoja mmoja.