Manjano Juu ya Kijani

Kipepeo wa mlimau, mweusi wa madoa ya manjano,
aliingia maabara ya Wete Jumanne asubuhi
kwa tundu la wavu tuliloahidiwa litazibwa.
"Leo tuna mgeni," akasema Mkasi, mfagizi wetu.
Kwao Kojani kipepeo haingii nyumba bure.

Mimi nilikuwa nimeinamia sahani ya kijani
ambamo usiku kucha kilikuwa kikiota
kijidudu cha kisima cha nyuma ya skuli:
madoa ya manjano, ya duara, yanang'aa kama nta.
Nikainua kichwa. Juu ya pazia la kijani
mgeni wa Mkasi ametua, madoa yake yale yale.

Huyu namjua tangu utoto.
Funza wake hujifanya kinyesi cha ndege juu ya jani;
ukimgusa huchomoza vipembe vya rangi ya chungwa
na harufu ya kukukataa.
Yai moja, jani moja. Mama huonja kwa miguu,
huhama, hurudi, huchagua
kama achaguaye doti ya kanga dukani Chake
na pesa ni za kuazima.

Yule wa sahani hana mama.
Chini ya hadubini ni mkato tu,
kile kialama cha kupumzishia sentensi,
chenye mkia mmoja na haraka nyingi.
Hatagi. Hujikata kati, wakawa wawili,
na hakuna ajuaye yupi mkubwa.
Wali haujakauka jikoni, wameshakuwa wanne.
Kipepeo akifa huacha mbawa, sisimizi wakazibeba.
Huyu uzee hana, atakufaje kwa uzee?

Wala hakumkusudia mtu.
Mmoja alitaka jani la mlimau,
mwingine maji, na chumvi kidogo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Kwa Bi Raya Kombo mgeni aliingia Jumamosi,
ndani ya kata, bila hodi.
Jumatatu jembe lilitolewa kweli.
Wanaume wakaenda nalo makaburini.

Mkasi alifungua dirisha. Kipepeo hakutaka kutoka.
Nikafunika sahani, nikanawa mikono mara mbili,
nikampigia sheha: kisima kifungwe, leo, kabla ya adhuhuri.
Akanyamaza. Watu watakunywa wapi?
Kisha: "Mna uhakika lakini?"

Nikatazama pazia.
"Tuna mgeni," nikamwambia.