Buluu ya Dakika Nane

Usiku ule umeme ulikatika Chiatura,
vigari vya waya vikabaki vinaning'inia juu ya bonde,
na mwalimu Lamzira akasema: afadhali,
baridi ndiyo tunayoitaka.

Alitoka na beseni, akarudi na theluji.
Akatumbukiza chupa ya alkali, nzito kama asali ya Februari,
kali, ya kutoboa soksi
(soksi yangu ya kushoto ni shahidi).

Kisha pamanganeti, punje tatu tu,
zambarau ile ile aliyooshea mama majani ya saladi.
"Huyu ametoa elektroni saba," akasema.
"Aliyetoa vyote huishia kupora."

Tukamrudishia kwa salfaiti, chembe kwa chembe,
kwa ncha ya kisu cha jibini.
Zambarau ikasita. Ikawa kijani.
Nikaweka kisu chini. Akanishika mkono:
"Bado. Kijani kila mtu amekiona.
Mpe na ya pili."

Ikaja.

Si buluu ya bahari, mimi bahari sijaiona.
Buluu ya mlango wa bibi kule Sachkhere,
alioupaka mwaka aliofiwa, asieleze kwa nini.
Manganizi ya tano:
hali ambayo kitabu chetu kiliipa nusu mstari,
ambayo maji matupu hayaipi hata kiti,
ikaayo penye ukali na baridi, basi.

"Kama watu fulani," nikasema.
Hakucheka.

Dakika nane kwa saa yangu ya mkononi.
Halafu mimi, kwa kiherehere, nikadondosha maji.

Wakageukiana wao kwa wao, wawili wawili:
mmoja akatoa elektroni, akawa kijani,
mwenzake akapokea, akawa tope.
Tope la kahawia, jeusi-jeusi, likatua polepole
kama mtu anayejua nyumbani kwake.

Nililijua.
Lilikaa kwenye kola za baba,
kwenye mikunjo ya shingo, kwenye leso aliyokoholea,
miaka kumi na tisa ya mgodi.
Mama alilifua kwa majivu, halikutoka.

"Kwa hiyo lile la baba nalo,
lingeweza…"
Lamzira alikuwa anasuuza chupa kwa siki.
"Lingeweza," akasema, bila kugeuka. "Lete taulo."

Umeme ukarudi saa nne na robo.
Juu ya bonde vigari vikashtuka, vikaanza kutambaa,
kimoja kikiwa na baba ndani.