Mnada wa Baada ya Ibada

Baba alichuma jani la isale lingali na umande,
akalipiga fundo moja bila kukaza.
"Usilitie mkobani. Lishike mkononi,
na njiani usimpe mtu mkono huo."
Nikacheka kidogo.
Mimi wa duka la dawa karibu na mnara wa saa,
wa risiti, wa "moja kutwa mara tatu",
nililijua isale kama ua lisilochanua,
la kuonyesha shamba la watu linaishia wapi.

Na kisa chenyewe kilikuwa shamba, linaishia wapi.
Mgomba hausomi mpaka:
mama yuko huku, mwana anachipukia kule,
na mkungu ukikomaa, mwenye panga ni nani?
Kwa chipukizi moja, miaka kumi na tisa
Baba na Baba Mdogo Elisaria hawakuamkiana.
Kidia nzima ina kanisa moja la kuwatosha.
Baba besi, mdogo wake teno,
na kati yao akaketi mwalimu wa kwaya
kama isale la pili.

Mama yao, Bibi Ndeanasia, aliliita jua Ruwa
na Mungu Ruwa.
Mchungaji mgeni alimkanya mara moja tu,
maana Bibi alimwuliza:
"Wewe ukiomba, unatazama wapi?"
Alikufa wanawe wakiwa kila mmoja upande wake wa jeneza.
Sasa Baba anapanda kilima kwa fimbo,
anapumzika kila penye mfereji,
na mimi, mtoto wa kike, nisiyejua Kichagga cha kutosha hata kugombana,
ndiye niliyetumwa.

Baba Mdogo alikuwa anamkatia ng'ombe majani.
Aliliona jani kabla hajaniona mimi.
Akaweka panga chini.
Akafuta viganja kwenye suruali, mbele, nyuma,
akalipokea kwa mikono miwili,
akaingia nalo ndani.
Hakusema karibu. Hakusema nenda.
Nilisimama nikimsikiliza ng'ombe akitafuna
hadi shangazi akaniletea chai, na chai ikapoa.

"Amelipokea?"
"Kwa mikono miwili."
"Basi," akasema Baba,
wala hakusema basi nini.

Jumapili, baada ya ibada, sadaka zikatoka nje kunadiwa:
trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu,
maparachichi ndani ya ndoo,
na mkungu wa mchare, wa Baba. Kila mtu anaijua mikungu ya Baba.
"Elfu sita! Nani saba?"
Nyuma kabisa, sauti ya teno:
"Thelathini."
Mzee wa kanisa akashusha daftari.
"Elisaria, tumeanzia sita."
"Nimesikia. Thelathini."

Hata sokoni Mbuyuni mkungu ule hauvuki kumi na mbili.
Kina mama wakaacha kufunga kanga.
Baba aliinama akafuta kiatu kisichokuwa na vumbi,
akafuta na cha pili,
kisha akaenda, na fimbo yake,
akashika mkungu upande wa kichwa.
Mdogo wake akashika mkiani.
Mzigo wa mtu mmoja, wakaubeba wawili
wakateremka nao njia ya mfereji,
wakibishana, nilisikia vizuri,
kuhusu bei.

Nami nimepanda isale kwenye ndoo ya rangi,
kibarazani kwangu, Pasua.
Anande ana miaka saba.
Aliuliza litachanua lini;
nikamwambia habari ya fundo, na ya mkono,
nikakwama pale kwenye mkono upi,
nikampigia Baba simu, naye akacheka hadi akakohoa.

Jana Anande amegombana na mtoto wa jirani, baiskeli.
Nilimwona amesimama mbele ya ndoo,
analitazama jani,
anatazama mkono wake.
Nikaingia ndani kuchuja chai,
nisije nikamsemea.