Folda Yenye Jina Langu

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mjini Tartu,
theluji imezika baiskeli hadi kwenye usukani.
Programu iligoma kujengeka. Saa tisa usiku
nikaiandikia njia kwa mkono, ya muda tu:
diski C, kazi, urmas, mipangilio.
Nikasema, kesho nitaifuta.
Kesho ile ina miaka kumi na mmoja sasa.

Njia ikabaki ndani
kama kijiwe kwenye mchele usiopetwa.
Tukaifungasha, tukaiuza: hifadhidata ya kuaminika,
kwa hospitali, kwa bandari,
kwa chama cha wafugaji wa Põlva
kinachohesabu maziwa hadi nusu lita.

Na kila mashine inapoamka
huduma yetu, ile yenye mamlaka yote,
isiyoombwa nywila na mlango wowote,
kwanza huenda kunitafuta.
Hodi, kwa Urmas ni hapa?
Hakuna nyumba. Hata kiwanja hakijapimwa.
Inarudi kimya, inaendelea na kazi.
Kesho yake, hodi tena.
Katika nchi nisizozijua
mfalme anabisha nyumba isiyojengwa
na hakuna aliyeniambia.

Aliyeniambia ni Leelo Pettai, kibarua wa kiangazi.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
yeye alipewa akaunti isiyofikia jembe,
isiyoruhusiwa hata kurekebisha saa ya kompyuta,
na saa ilikuwa nyuma kwa dakika nne.
Hilo tu ndilo lililomuudhi.

Akaketi kutazama huduma ikiamka, mstari kwa mstari,
akaona jina la mtu asiyemjua
likiitwa mahali pasipo na mtu.
Basi akajenga nyumba.
Folda tupu, jina langu mlangoni
(yeyote aliyeketi pale angeweza),
ndani akaacha barua ya mistari miwili.
Akazima. Akawasha.
Hodi.
Safari hii pakajibiwa: karibu.
Mfalme akaingia, akasoma, akatii.

Angeweza kuyamwaga maziwa ya wilaya nzima.
Angeweza kujiandikia ng'ombe arobaini.
Alisogeza saa mbele, dakika nne.
Kisha akabomoa nyumba, akaniandikia:
"Ndugu Urmas, bado unaishi pale?"

Kikaoni Hillar alisema, hatari ya wastani,
mshambulizi lazima awe ndani tayari.
Ndiyo, Hillar. Na kikulacho, kiko wapi?
Ndani yumo nesi wa zamu. Yumo fundi wa printa.
Yumo kijana aliyefukuzwa Ijumaa
ambaye akaunti yake itafungwa Jumatatu.
Hillar akakuna kidevu, akaandika: kubwa.

Kuufuta ule mstari kulichukua pumzi moja.
Kuujaribu, siku tisa.
Toleo jipya likatoka, na chini yake, kwa herufi ndogo,
shukrani kwa Leelo. Jina langu halikutajwa;
niliona aibu kwamba nilifurahi.

Lakini si kila mtu hupokea kiraka.
Usiku huu, mahali fulani, mashine ya zamani inaamka
chini ya meza, nyuma ya pipa la taka,
na kabla ya jambo lolote inaniulizia.
Niko kitandani, macho makavu.
Natamani mtu aiambie
hayupo, alihama,
usimwamini atakayeitika.