Zamu ya Melida

Melida hulizunguka jeneza la shaba na ufagio
kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa.
Wageni huuliza: ndiye kweli aliyemo?
Maana Sevilla nako wanadai wanayo mifupa.
Hupandisha mabega. Vumbi la baharia, vumbi la viatu,
ufagio hauchagui.

Hapa kwenye mguu wa msalaba wa zege
palikuwa na jiko la mama yake,
mpapai mmoja,
kamba ya kuanikia mashuka ya watu.

Usiku taa zilipowashwa mara ya kwanza
msalaba mwingine ukalala mawinguni, mweupe,
na mtaani kwao, nyuma ya ukuta,
umeme ukakatika.
Watu wakatoka na vigoda.
Mjomba Nikanori akatazama juu, akacheka:
"Leteni dhumna. Marehemu katuwashia."