Korido ya Futi Tatu

Fundi Temba alitandaza ramani juu ya mfuko wa saruji,
akapima, akapima tena, akajikuna kidevu:
"Mama, korido imebaki futi tatu.
Ile ya nne anayo kaka yako."

Basi nikahamia Rau na futi tatu zangu.

Miezi minne ukuta ulikaa na plasta tupu,
viatu vimelala chali kama walevi wa mbege ya mwisho,
mwavuli umeegemezwa popote, unachuruzika,
na kila aliyeingia alipita haraka,
kama apitaye kwenye ugomvi wa watu.

Nikasema, hapana. Koo nalo ni jembamba,
na ndimo chakula kipitamo.

Jumamosi nikashuka Kiboriloni kutafuta kioo.
Kijana akanionyesha chenye maua ya dhahabu pembeni.
Hicho, mwanangu, kinataka ukumbi,
mimi nina njia ya panya.
Nikachukua kirefu, chembamba,
kina ufa wa kidole kwenye kona ya chini;
akapunguza elfu nane kwa ajili ya ufa.
Nilipokitundika, korido ikavuta pumzi.
Ukuta wa kushoto ulirudi nyuma futi moja,
ile ile niliyonyimwa.
Ya uongo, najua,
lakini haihitaji baraza la ardhi.

Kisha ubao wa mringaringa, na vyango vitano.
Changu. Cha Aikande, binti yangu.
Cha mjukuu, chini kidogo, usawa wa kiuno,
ili asitafute kisingizio cha kutupa sweta.
Cha koti la marehemu, ambalo sijaweza kuligawa
na ambalo bado lina tiketi ya basi mfukoni.
Cha tano kitupu.
"Hiki cha nani?" akauliza Aikande.
Cha mvua, nikamwambia.

Mkeka wa mlangoni ni gunia la kahawa,
nimelikunja mara mbili, nimelishona kwa uzi wa viatu.
Taa ni ya njano. Binti alitaka nyeupe, ya kisasa;
chini ya nyeupe kila mgeni anaonekana mgonjwa.
Akaleta na maua ya plastiki, waridi sita,
nikamshukuru, nikayapeleka chooni.

Alfajiri nilichukua panga nikaenda mpakani
nikakata shina moja la sale.
Upande wangu. Nilihakikisha ni upande wangu.
Nikalipanda kwenye kopo la rangi la lita nne
nikaliweka chini ya kioo.
Jirani alisema halitaishi kivulini.
Alisema na mengine.

Masika yakaingia, mlima ukajifunika wiki nzima.
Siku ya nane, hodi.
Ndesario, kofia mkononi, anauliza
kama maji ya mfereji yamepasua na huku kwangu.
Miaka mitatu, na swali lake ni la mfereji.

Nikamwambia avue koti.
Akalitundika kwenye kile cha tano, bila kuuliza.
Kisha akaliona sale,
akalitazama kwa muda wa mtu anayesoma
barua fupi mara mbili.
Bila shaka alijua lilikatwa wapi.
Mimi nikaenda jikoni, maana birika lilikuwa linaita.

Niliporudi nalo, yeye alikuwa anakuja.
Futi tatu. Hapapishwi mtu hapo
ila wote wawili wageuke ubavu.
Tukageuka: tumbo lake, birika langu,
bega likasugua bega,
na mle kiooni tulikuwa wanne,
wazee wanne wamebanana kama ndizi kwenye mkungu.

"Korido yako nyembamba," akasema.
"Ndiyo," nikasema. "Angalia usijiunguze."

Hakuna aliyesema zaidi.
Koti lake lilidondosha maji juu ya gunia
mpaka jioni.