Sikio la Kushoto

Simu yangu ya vitufe haishiki redio bila waya.
"Chomeka visikizi," inaniandikia kila siku, kwa adabu,
nami nachomeka hivi vya Makoroboi, vya buku:
sikio la kulia zima,
la kushoto lilikufa masika iliyopita.

Zamani tulikuwa wawili chanjani, Igombe,
mimi kulia, Nyamizi kushoto,
waya umetufunga kama mbuzi wa mnadani;
akiinama kugeuza dagaa, nami nainama.
Hata tukinuniana, tulinuniana kwa karibu.

Nyuma ya lile jiwe kubwa mtangazaji humeza maneno.
Kwa hiyo matangazo ya vifo tuliyasikilizia upande wa ziwa,
wima, simu juu,
tusije tukamlilia aliye hai.

Usiku, habari zikiisha,
nabonyeza, namba zinateleza,
mara inaingia stesheni ya ng'ambo, Kiganda kitupu.
Walipocheka, Nyamizi naye alicheka.
"Umeelewa nini?"
"Wamefurahi."

Akaolewa Sengerema.

Mwanangu kaniletea simu ya kupangusa,
inayodai bando hata kabla ya kuniamkia.
Ipo kabatini, chini ya kanga.

Juzi fundi wa Kirumba kashika mkasi:
"Mama, hili bovu tulikate, linaning'inia bure."
Nikamwambia acha.
Waya huu ndio antena, ukifupishwa, kijana,
Mwanza yote itakoroma.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa.